Ulinzi unaouzwa bei ya chini: ununue upi, uucheze vipi

Mchezaji mwenye shuti kali akitiwa mnadani kwenye BuzzerBeater, mameneja hupandishiana bei hadi dakika ya mwisho, na kila dau jipya huusogeza mwisho wenyewe mbele kidogo. Wa umri uleule na urefu uleule, asiyefunga sana lakini anayemkaba mtu mpaka akakosa pa kupitia, huondoka kwa dau moja au mawili. Mimi nasema huyo wa pili ndiye wa kumwania, hasa kwa sisi wa Lamu wenye timu changa na hazina nyepesi. Ila ulinzi una sura nyingi: kuna ulinzi wa nje (kumkaba anayecheza mbali na ringi), ulinzi wa ndani (kumkaba aliye chini ya ringi), bloku (kuuzuia mpira uliokwisha tupwa) na ribaundi (kudaka mpira uliokosa), halafu kuna mbinu za kuuchezesha. Nitaviweka ubavu kwa ubavu, ili ukiwa na pesa za mtu mmoja tu ujue wa kumchukua.

Kwa asiyeujua mchezo: BuzzerBeater ni mchezo wa umeneja wa mpira wa kikapu unaochezwa kwenye intaneti tangu 2007. Ligi moja ina timu 16, na msimu una mechi 22 za ligi. Mpira wenyewe huugusi. Unanunua na kuuza, unachagua ujuzi mmoja wa kufundisha kila wiki, unapanga kikosi na mbinu, kisha kompyuta inachezesha dakika 48 nawe unafuatilia maandishi yakishuka kwenye simu. Ujuzi hupimwa kwa ngazi zenye majina. Hapa nitatumia namba, kwa sababu ndivyo sisi wachezaji tunavyosemezana: sita ni wa kawaida, kumi na mbili ni mtu wa maana kwa timu ya daraja la chini. Na majina ya nafasi: gadi ni mchezaji wa nje anayeendesha mpira, fowadi ni wa ubavuni, senta ni mrefu wa chini ya ringi.

Sababu ya ulinzi kuuzwa rahisi ni kwamba hauonekani kwenye karatasi ya mechi. Pointi zinaandikwa, pasi za kufunga zinaandikwa. Hata NBA yenyewe, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilianza kuhesabu rasmi bloku na mipira iliyoporwa msimu wa 1973-74. Bill Russell, aliyestaafu 1969 akiwa na ubingwa mara 11 na Boston Celtics, hana hata bloku moja kwenye kumbukumbu rasmi. Mpaka leo shuti lililokosa kwa sababu mkono wa mlinzi ulikuwa usoni mwa mtupaji huandikwa tu kuwa mtupaji amekosa. Mlinzi hapati kitu. Meneja anayechagua kwa kutazama safu ya pointi hana njia ya kumwona.

Ulinzi wa nje na shuti: magadi wawili

Kijana mmoja wa Langoni alinijia pale Mkunguni baada ya Isha, simu mkononi, kurasa mbili zimefunguliwa.

"Kaka, nina pesa ya gadi mmoja. Nimchukue yupi?"

Wa kwanza ana miaka 21, shuti 12, ulinzi wa nje 6. Wa pili ana miaka 21 vilevile, shuti 8, ulinzi wa nje 12. Yule wa kwanza dau lake lilikuwa limeshakaribia mara mbili ya mwenzake.

"Lakini huyu wa pili mechi iliyopita amefunga pointi sita tu, kaka."

Nikamwambia aache safu yake ya pointi, ashuke kwenye karatasi ya timu ya pili amtazame gadi aliyekabana naye. Alitupa mara 17, akafunga 5. Kisha tukafungua maandishi ya mechi tukayapitia mstari kwa mstari. Gadi yule anapokea mpira juu ya duara, anajaribu kupita, hapati nafasi, anarudisha pasi. Anapokea tena zikiwa zimebaki sekunde chache, anatupa akiwa amebanwa, anakosa. Robo ya tatu anaporwa mpira mara mbili. Robo ya nne kocha wao anamweka benchi. Yote haya ni kazi ya mtu aliyefunga pointi sita.

Tuifanye hesabu, kwa namba za mfano. Tuseme mpinzani anatupa mara 85 za pointi mbili na anafunga asilimia 45. Hizo ni pointi 76 na nusu. Ukimpunguzia mpaka asilimia 41 anabaki na karibu 70. Asilimia nne tu, ambazo mtu hawezi kuzihisi akitazama mechi moja, zina thamani ya karibu pointi saba kila mechi. Sasa mtafute mfungaji wa kukuongezea pointi saba safi juu ya uliyenaye, uone bei yake.

Tena ulinzi wa nje unagusa mambo mawili kwa mpigo: unaharibu shuti, na unasababisha mpinzani kupoteza mpira. Mchambuzi wa Marekani Dean Oliver aligawa ushindi wa kikapu katika mambo manne, akayapa uzito: ubora wa mashuti asilimia 40, kupoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo ya adhabu 15. Ujuzi mmoja unaofika kwenye 40 na pia kwenye 25 ni ujuzi wa kuanza nao. Kijana akamchukua wa pili, na mimi ningefanya hivyohivyo leo na kesho.

Kikomo chake nacho kipo. Gadi mwenye ulinzi wa nje 12 na shuti 3 atakuua upande wa pili wa uwanja, kwa sababu mpinzani atajua hana haja ya kumfuata. Mimi sishuki chini ya shuti 7 kwa mtu wa kuanza mechi.

Bloku: zinavutia macho, zipime vizuri

Hapa Afrika tuna mapenzi ya pekee na wazuiaji wa kati. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa mlinzi bora wa NBA mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001, na kidole chake kikitikisika baada ya bloku kila mtu anakijua. Hakeem Olajuwon wa Nigeria ndiye mwenye bloku nyingi kuliko wote katika historia ya NBA, 3,830. Na mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, kwa sababu ya jinsi alivyolinda ringi chuoni Connecticut. Ni fahari yetu, na haki yake.

Lakini kwenye mchezo wa umeneja, bloku ununue ukijua unachonunua. Bloku haimalizi shambulizi kila mara. Mpira unaweza kutoka nje ukarudishwa kwa wale wale, au ukamwangukia mwenzao chini ya ringi akafunga. Bloku nane kwenye karatasi si mashambulizi manane yaliyokufa. Mpira ulioporwa, kwa upande mwingine, umekufa kabisa kwa mpinzani na mara nyingi unazaa kikapu cha mbio upande wako.

Faida ya bloku iko kwenye bei na mshahara. BuzzerBeater hukokotoa mshahara kwa kutazama ujuzi wa mchezaji katika nafasi inayomfaa zaidi. Kwa senta, ulinzi wa ndani, shuti la ndani na ribaundi ndivyo vinavyoupandisha mshahara kwa kasi. Bloku inaongeza kidogo sana. Ukipata senta mwenye ulinzi wa ndani 10 na bloku 10, na mwingine mwenye ulinzi wa ndani 13 na bloku 2, wa kwanza atakula mshahara mdogo huku akilinda ringi karibu sawa na wa pili. Mshahara unapangwa upya msimu ukianza, kwa hiyo tofauti hiyo utaibeba msimu mzima, kila wiki.

Kosa ni kununua bloku 12 juu ya ulinzi wa ndani 5. Huyo atazuia mashuti mawili ya kupendeza, kisha senta wa wenzako atamsukuma chini na kumfunga kwa raha mechi nzima. Ulinzi wa ndani kwanza, bloku ije juu yake.

Hapo hapo kuna ujuzi ambao watu wengi hawautazami kabisa: ule ulio nje ya nafasi ya mtu. Fowadi mrefu mwenye ulinzi wa nje 8. Gadi mwenye ulinzi wa ndani 6. Kwa kuwa mshahara unafuata nafasi yake bora, ujuzi huu wa pembeni unakuja karibu bure, na siku mpinzani akiwa na fowadi mkubwa anayetupa kutoka mbali, yule fowadi wako ndiye atakayekuokoa. Mimi kila nikifungua soko natafuta hawa kwanza. Weka kwenye kisanduku cha utafutaji fowadi wa ulinzi wa nje 8 kwenda juu na bei ya chini, usiweke kigezo cha shuti, uone wanaojitokeza. Minada mingi ya hivi huisha saa ambazo watu wako kazini. Mmoja uliniishia nikiwa kwenye boti ya Mokowe, mtandao unakuja na kupotea, na bado nilimpata kwa dau langu la kwanza.

Ribaundi sitaikalia sana. Ni muhimu, ila soko linaijua, kwa sababu inaandikwa kwenye karatasi, hivyo bei yake ni ya haki. Kwa mfano wetu wa mashuti 85, yanayokosa ni kama 47. Ukimpunguzia mpinzani ribaundi zake za kushambulia kutoka asilimia 30 hadi 25, umemnyima nafasi mbili hivi za ziada. Pointi mbili. Nzuri, lakini si saba.

Kununua au kufundisha

Ukiwa na subira, fundisha. Mafunzo hufanyika mara moja kwa wiki, na mchezaji hufaidi kikamilifu akicheza dakika 48 katika nafasi inayofundishwa ndani ya wiki hiyo. Wafupi hushika ujuzi wa nje haraka, warefu hushika wa ndani, na kijana wa miaka 18 au 19 hupanda upesi kuliko wa 25. Ulinzi wa nje ni rafiki wa timu ndogo kwa sababu magadi wafupi wa miaka 19 hawana bei kubwa na wanapanda mbio. Ukifundisha nafasi moja peke yake wanapanda haraka zaidi, ila ni wachache wanaofaidi. Ukifundisha nafasi mbili za magadi kasi inashuka lakini unalea wengi. Kwa aliyeanza msimu huu ningemshauri nafasi mbili.

Bloku, kinyume chake, inunue tu. Kuipandisha kunakula wiki ambazo senta wako angezitumia kwa ulinzi wa ndani, na sokoni unaipata karibu bure.

Mbinu: mtu kwa mtu au zoni?

Watu hununua walinzi wazuri kisha wanaacha mbinu ileile tangu mwanzo wa msimu. Huo ni ulinzi uliolipiwa ukalazwa.

Mtu kwa mtu ndiyo ya kuanzia, na kama walinzi wako watano wote wako sawa, haina mshindani. Kila mmoja anabeba wake. Udhaifu wake ni kwamba inafichua palipo pabovu: ukiwa na gadi mmoja wa ulinzi 5, mpinzani atamchimba huyohuyo. Dawa ya kwanza ni kubadilishana wa kumkaba kwenye ukurasa wa kikosi, gadi wako bora ampe mkono mfungaji wao hatari hata kama si wa nafasi yake, na yule dhaifu akae na asiyetupa. Wengi hawakigusi kabisa kipengele hiki. Kiguse kabla ya kufikiria zoni, yaani kila mlinzi kulinda eneo lake badala ya mtu.

Zoni ya 2-3 ni ya siku unayocheza na timu inayopeleka mpira ndani kila mara. Wawili juu, watatu chini, ringi imezibwa. Kocha Jim Boeheim aliifundisha timu ya chuo cha Syracuse, Marekani, kwa miongo na akachukua ubingwa wa vyuo wa 2003 nayo, Carmelo Anthony akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kinachoiua ni shuti la pointi tatu kutoka pembe na ubavuni, na mpira unaopokewa katikati, nyuma ya wale wawili wa juu. Ukiona mpinzani ana magadi wawili wa shuti kali, usiitie 2-3 hata kama senta wao anakutisha.

Zoni ya 3-2 ni kinyume chake: watatu juu, wawili chini. Inafunga mashuti ya mbali na kuacha ndani kuna nafasi. Mimi huitumia nikiwa na senta mmoja mzuri kweli wa ulinzi wa ndani, yule wa kuaminiwa peke yake, na wapinzani wanaocheza mbio na kutupa haraka. Kati ya hizi mbili, ukinilazimisha kuchagua moja ya kuizoea, nitachukua 3-2, kwa sababu timu nyingi za daraja la chini zinanunua shuti kwanza, na ndiyo silaha utakayokutana nayo mara nyingi.

1-3-1 inawinda pasi. Mmoja juu, watatu wametanda katikati, mmoja anakimbia chini ya ringi kutoka pembe hadi pembe. Inafaa dhidi ya timu yenye magadi wanaopiga pasi ovyo na wasiomiliki mpira vizuri, na inahitaji ulinzi wa nje hata kwa mafowadi wako. Wale fowadi wa bei ya chini niliowataja, hapa ndipo kwao. Bila wao usiijaribu. Pembe zote mbili zitabaki wazi.

Presi ya uwanja mzima, yaani kumbana mpinzani tangu upande wake wa uwanja, ndiyo inayopendwa na vijana, na ndiyo ninayoiogopa. Kwenye uwanja wa kweli chini ya sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, mpinzani ana sekunde nane kuvusha mpira nusu ya uwanja, kwa hiyo presi inambana kweli. Kwenye mchezo wetu gharama yake ni pumzi. Walinzi wako wanachoka, na robo ya nne yule wa ulinzi 12 anacheza kama wa 8. Kama hujafundisha stamina na huna benchi la watu wanane wa kuaminika, iache.

Kuna pia ile ya watu wanne kwenye zoni na mmoja anayemfukuza nyota wao popote aendapo. Toronto Raptors waliitumia kwa Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors, katika fainali za 2019, na ikawa gumzo. Itumie tu pale timu nzima inapobebwa na mtu mmoja. Ukiikosea, wale wengine wanne watakushukuru.

Kukisia kabla ya mechi

Katika yote haya, kipengele kinachopuuzwa zaidi hakigharimu hata senti. Kabla ya mechi unaruhusiwa kukisia mpinzani atashambulia wapi, ndani au nje, na kwa mwendo gani, wa pole au wa mbio. Ukipatia, ulinzi wako unapata nguvu ya ziada, ukikosea, unaadhibiwa, ukiacha wazi, hupati wala hukosi.

Wengi huacha wazi, wakidhani ni bahati nasibu. Si bahati nasibu. Fungua mechi tano za mwisho za mpinzani. Tazama alichezaje dhidi ya timu yenye ulinzi mzuri wa ndani, na alichezaje nyumbani. Mameneja ni watu wa mazoea: anayeshinda kwa kupeleka ndani hatabadilisha mpaka afungwe mara mbili mfululizo. Ukiona mechi nne kati ya tano amecheza ndani na kwa pole, kisia ndani na pole, weka 2-3, na ukubali magadi wako wachoke kidogo. Ukiona tatu ndani na mbili nje, kisia mwendo tu na uache eneo wazi. Na kama mwenyewe ana tabia ya kukisia, basi geuza shambulizi lako wiki hiyo, kwa sababu hata yeye anasoma mechi zako tano za mwisho.

Mtu wa kucheza bao huangalia nyumba za mwenzake kabla hajashika kete, na wazee wa barazani hapa wangekucheka ukianza bila kutazama. Tumia robo saa hiyo. Kwa timu yenye gadi mmoja wa ulinzi 12, fowadi mmoja wa pembeni mwenye ulinzi wa nje 8, na senta wa ndani 10 na bloku 10, kukisia sawasawa mechi mbili kati ya tatu kunatosha kushindana na timu iliyotumia mara mbili ya pesa zako kwa wafungaji. Kama bado una nafasi moja ya kununua wiki hii, na magadi wako wote wako chini ya 9 kwa ulinzi wa nje, achana na senta. Tafuta gadi, mwenye umri chini ya 24, na uweke dau lako asubuhi.